Pikapu Iliyopumua kwa Mgongo

Vijana waliopitia kwenye meza yangu ya kazi wamenicheka sana kwa jambo moja. Nikiletewa kompyuta, kabla sijatafuta bisibisi, naiwasha, nazunguka upande wa nyuma na kuweka kiganja pale hewa inapotokea. Nakaa hivyo kimya. Mmoja wao alizoea kuwaambia wateja, "Ngojeni kidogo, daktari anapima homa." Sikumkasirikia. Lakini ninyi mnaonunua makasha ya kompyuta ya vioo, yenye taa za rangi na sura za majoka, mnapaswa kujua kwamba homa hiyo ipo, na kwamba aliyenifundisha kuipima kwa mkono hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa ndengu.

Meza yangu ilikuwa Makutano, Meru. Niliifunga pale macho yalipoanza kukataa skrubu ndogo. Nilianza na redio, nikaenda kwenye televisheni, na miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho nikaingia kwenye kompyuta kwa sababu ofisi zilianza kuzitupa na mimi nilianza kuziokota. Darasa sikuwa nalo. Nilisoma vile vitabu vya maelekezo vilivyokuja ndani ya katoni, kamusi ikiwa kando, na nilikuwa na kanuni moja: sikuamini kitu mpaka nikifanye mara mbili na kinipe jibu lile lile. Kumbukeni kanuni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonitesa katika habari hii.

Siku moja akaja mwanamke aitwaye Kinya, amebeba kompyuta ndani ya gunia. Alikuwa mzaliwa wa Laare, amekua akifunga miraa pamoja na mama yake, kisha akaolewa Ishiara, kule chini Mbeere kwenye joto. Kompyuta hiyo alitumiwa na kaka yake aliyekuwa ng'ambo, ikiwa na gemu ya mashindano ya magari. Njiani kasha la bati lilikuwa limebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Vya ndani vilikuwa vizima.

"Fundi, nataka uitengenezee bodi," akasema.

"Kasha."

"Bodi. Kama ya gari. Pikapu ya miraa, ile ya kijani, pua mbele, karia nyuma. Vijana wa Ishiara wakiiona wasipite."

"Dada, kompyuta si gari."

"Na gemu yenyewe ni ya magari! Sasa unataka ikae ndani ya sanduku kama mahindi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia jambo ambalo lilikaa nami hadi kazi ilipokwisha. Mama mkwe wake, Mama Njeru, alikuwa amempa chumba cha mbele cha nyumba yao pale sokoni ili achezeshe hiyo gemu. Chumba hicho miaka yote kilikuwa stoo ya ndengu.

"Alisema mbele ya bwana yangu: siku hiyo kitu ikikufa, chumba inarudi kuwa stoo, na mimi nishike jembe nisimsumbue tena. Na huyo mama harudii neno. Fundi, hakuna kompyuta ingine. Kaka alisema hii ni ya kwanza na ya mwisho."

Nilijua alichokisema kuliko yeye mwenyewe. Prosesa ya aina ile haikupatikana Meru. Ikiungua, imeungua, na chumba cha Kinya kimeungua pamoja nayo.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoijenga, maana hapa pana kazi ya kujifunza. Prosesa ni kipande kidogo kinachochemka chenyewe kikifanya kazi. Juu yake hukaa alumini yenye mapezi, na juu ya mapezi hukaa feni ndogo. Feni hiyo haitengenezi baridi. Inaliondoa joto kwenye mapezi na kulimwaga ndani ya kasha, basi. Kama kasha halina njia ya kulitoa nje, feni inazungusha joto lile lile kama mtu anayejipepea ndani ya blanketi.

Hilo niliambiwa na Mzee Mbaabu, aliyekuwa akinyoosha bodi za magari nyuma ya stendi. Nilipompelekea mchoro wa pikapu alitazama grili niliyoichora kwa madaha, kisha akageuza karatasi upande wa pili, kana kwamba gari lingeendelea huko.

"Mbele umeweka mdomo," akasema. "Huyu mtu atanyia wapi?"

"Mzee!"

"Nakuuliza kazi. Kila mtu anaangalia grili. Mimi naangalia nyuma ya redieta, hewa inaenda wapi. Ukiziba hapo, hata uendeshe gari juu ya theluji ya mlima, itachemka."

Tukaamua hewa iingie puani, kwenye grili tuliyoikata kutoka kwa gari lililokufa, ipite juu ya mapezi ya prosesa, itokee juu, mgongoni mwa pikapu, yaani kwenye karia. Joto hupenda kupanda, kwa hiyo tuliliachia lipande. Sakafu ya karia tukaifanya wavu wa waya, na chini ya wavu nikafunga feni, na nyingine nyuma ya grili. Taa za mbele zilikuwa balbu za tochi zilizounganishwa na waya wa manjano wa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Mzee Mbaabu alipiga rangi ya kijani, na kwenye bampa, kwa matakwa ya Kinya, akaandika HAINA BREKI.

Nilipoiwasha mara ya kwanza ilichemka kuliko ilipokuwa wazi mezani. Nikaizima, nikaiwasha tena. Jibu lile lile. Sikuelewa. Jirani yangu Salim, muuza vipuri vya magari, alikuwa na desturi ya kuchoma udi dukani kila Ijumaa. Nikamwomba kijiti kimoja, nikakishika mbele ya grili nione moshi unakwenda wapi. Badala ya kuingia, ulinirudia usoni. Feni ya karia nilikuwa nimeigeuza chini juu. Ilikuwa inasukuma hewa ndani, na ya puani nayo inasukuma ndani, zikapigana.

"Fundi," Salim akasema, "gari yako inakohoa. Ipeleke hospitali."

Nikaigeuza feni. Moshi ukaingia puani na kutokea kwenye karia taratibu, kama moshi wa jikoni uliopata tundu la paa. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga kasha bila kulijaribu kwa udi. Kijiti kimoja kitakuonyesha kile ambacho michoro kumi haisemi.

Lilibaki vumbi. Wavu wa kawaida hupitisha vumbi la Mbeere lote. Kitambaa huzuia vumbi na hewa pia. Kilichofaa ni soksi ndefu nyembamba za kike, zikivutwa sawasawa nyuma ya grili. Nilienda kuzinunua mwenyewe. Mwenye duka akaniuliza kwa heshima, "Mama ni saizi gani?" Nikajibu bila kufikiri, "Ni ya pikapu." Mpaka leo nikipita duka lile natazama upande wa pili wa barabara.

Tukaipeleka Ishiara. Mama Njeru alikuwa mwanamke mwembamba, wima, anayefuta mikono kwenye leso hata kama mikono ni mikavu. Aliinama mbele ya bampa akasoma herufi moja moja.

"Haina breki," akasema. "Na mnataka nikae karibu nayo?"

Vijana waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Yeye alikuwa ameshaanza kupima chumba kwa macho, magunia mangapi yangeingia.

Haikupita muda, dereva mmoja wa upande wa Embu akasimama mbele ya kibanda changu na kunipa salamu za Kinya. "Fundi, umeambiwa pikapu imezimika."

Nilimtuma arudi na jibu kwamba nakuja siku fulani. Nikafika, nikaiwasha, ikakimbia vizuri. Niliiacha ifanye kazi mchana wote, vijana wakishindana, mimi nimeketi kando na kijiti cha udi. Moshi uliingia puani ukatokea mgongoni, jinsi inavyotakiwa. Nikafungua, nikakaza, nikafunga, nikarudi Meru.

Ikazimika tena. Nikatuma neno tena, nikaenda tena. Safari hii niliinua pikapu juu ya matofali ili ivute hewa iliyo mbali na vumbi la sakafu. Nilibadilisha soksi. Nilifuta prosesa na kupaka upya ile dawa nyeupe inayopitisha joto, safu nyembamba kama siagi ya mtu mchoyo. Nilifunga nyaya zote pembeni zisikatize njia ya hewa. Mambo haya yote ni mazuri, yafanyeni. Lakini niliyafanya bila kujua naponya nini, maana mbele yangu mashine haikuwahi kuugua hata mara moja.

"Ni kama mtoto anayelia mama akitoka," Mama Njeru akasema. "Wewe ukija inanyamaza. Ukienda inakufa. Kinya, unamchezea fundi ama unaniambia ukweli?"

"Mama, haki ya Mungu inazimika! Vijana watakuambia. Inaganda, halafu inalala, halafu mpaka ipoe."

"Mimi sina ubaya na nyinyi," Mama Njeru akaniambia. "Lakini ndengu zimeanza kukauka shambani, na haziwezi kulala nje. Nitangoja mavuno. Ikizimika wakati huo, nafagia chumba."

Kinya alinisindikiza hadi barabarani. Kabla sijapanda gari akasema tu, "Fundi, unajua kushika jembe na hii jua ya huku ni namna gani?"

Nilirudi Makutano nikiwa na hofu ambayo mafundi huwa hawaisemi: hofu kwamba kazi yako ina kasoro usiyoweza kuiona kwa sababu uliijenga mwenyewe. Gari lolote la upande wa Embu likipunguza mwendo mbele ya kibanda changu, niliacha nilichoshika na kungoja dereva afungue mdomo. Akitaka tu maji ya redieta nilimshukuru kimoyomoyo. Nilichora upya pikapu nzima mara mbili. Majibu yalikuwa yale yale: ilipaswa kupoa.

Mavuno yalipokuwa karibu kabisa nilikwenda Embu mjini kutafuta feni yenye nguvu zaidi. Nikaipata, na badala ya kurudi nyumbani nikateremka moja kwa moja hadi Ishiara. Sikumtuma mtu kutangulia.

Ilikuwa siku ya soko. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Wauza ndizi kutoka juu, Runyenjes, walikuwa wameshusha mikungu na majani yake barabarani. Mlangoni kwa Kinya palijaa vijana, nikasikia gemu ikivuma, na kabla sijaona kitu pua yangu ilipata harufu: majani ya mgomba yaliyopashwa moto, kama sufuria ya githeri iliyofunikwa.

Nikawapenya. Pikapu ilikuwa imepakiwa. Karia yote, ule wavu, ile njia moja ya hewa kutoka, ilikuwa imefunikwa kwa majani mabichi ya mgomba, safu juu ya safu, yamekunjwa pembeni kwa ustadi na kufungwa kwa kamba ya mgomba, fundo dogo zuri kwa kila upande. Na majani yaling'aa. Yalikuwa na maji. Tone moja lilining'inia chini ya jani, ndani, juu ya feni.

Nilivuka chumba hadi ukutani nikazima stima kwenye soketi.

"Mtu asiguse chochote."

"Fundi! Nilikuwa namba mbili!" kijana aliyeshika kibodi akalia.

"Ukigusa hapo utakuwa namba moja kwenye mazishi. Toka."

Kinya alitoka uani akipangusa uso. Aliponiona hakushtuka kwa sababu ya kompyuta, alishtuka kwa sababu ya mgeni. "Ai, Fundi, mbona hukusema unakuja? Ningetoa haya majani, nifagie. Huwa nayatoa ukija, yakishanyauka si vizuri mgeni ayakute."

Niliketi kwenye benchi.

"Unayaweka kila siku?"

"Jua ikishika. Si ni ya kupoza? Kwetu Laare miraa ikifungwa na majani inafika mbali bila kunyauka. Nikaona hii nayo iko na karia, nikaifunga vizuri, kama mzigo wa safari. Leo nimenyunyizia maji kidogo tu, kwa sababu ya hii joto."

Nilikata kamba, nikaondoa majani jani kwa jani nikiyainamisha upande. Nikafungua bodi. Maji yalikuwa yamefika kwenye mabawa ya feni, na tone moja limetua kwenye ukingo wa ubao mkuu. Nikalinyonya kwa ncha ya leso ya Kinya. Pawa saplai niliitoa nikaiweka juani juu ya gunia. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kungoja ikauke, na Mama Njeru alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote.

Nilijaribu kumweleza Kinya. Nilisema majani yanaziba. Akasema majani yanapoza. Nilisema joto linahitaji njia. Akasema, "Fundi, mimi nimefanya hiyo kazi tangu niko mdogo. Weka mkono chini ya jani hapo sakafuni saa hii, useme kama si baridi." Na alikuwa na haki. Niliweka, palikuwa baridi. Vitabu vyote vile vya kichwani havikunisaidia, maana hakuna kitabu kilichowahi kufikiria Laare.

Mama Njeru akafuta mikono kwenye leso. "Fundi. Hiyo joto inatoka kwa jua inaingia, ama inatoka ndani yake mwenyewe?"

"Ndani yake mwenyewe, Mama. Hata usiku ingechemka."

"Basi ni ndengu." Akamgeukia Kinya. "Uliwahi kuona ndengu zikifungwa kwa gunia kabla zikauke? Hakuna jua hapo, ziko kwa kivuli, na ukitia mkono katikati unatoa haraka. Zinajichemsha. Ukifunika ndio unazipika. Miraa yako haina moto, unaificha moto ya nje isiingie. Hii iko kama ndengu. Ukiifunga unaipika."

Kinya alitazama majani sakafuni. "Kwa hivyo ni mimi nilikuwa naiua," akasema.

Mama mkwe wake angeweza kusema neno moja tu na chumba kingekuwa chake siku ileile. Badala yake alikwenda kuigeuza pawa saplai pale juani, upande wa pili nao upate.

Jua lilipoanza kuinama nikaunga kila kitu. Nilichelewesha skrubu ya mwisho, nakiri. Kinya alikuwa ameshika ukuta. Nikawasha. Feni ikakwama, ikakwaruza, ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na katika muda huo niliwaza nitamwambia nini kaka yake. Kisha herufi nyeupe zikaanza kushuka.

Sikuishia hapo. Nilirudi kwa Mzee Mbaabu akapinda vyuma vitatu kama vile vya kushikilia turubai, tukaviweka juu ya karia na kuvifunika kwa bati jepesi lenye mteremko, pembeni wazi. Hewa ilitoka kwa ubavu, na hakuna mzigo ungekaa pale bila kuteleza. Hili lishikeni, ninyi mnaochora makasha yenye sura ya kila kitu duniani: sura uliyoichagua itamwambia mtu la kufanya. Ukitengeneza karia, mtu wa Laare atapakia na kufunika. Jiulize mikono ya mwenye nayo imezoea nini, kabla hujachagua tundu liwe wapi.

Mavuno yakapita bila dereva yeyote kuniletea salamu. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda kujionea.

Nilipoingia nilidhani yamekwisha, maana nilikutana na magunia. Yalikuwa yamepangwa ukuta mmoja na mwingine, hadi karibu na paa. Kisha nikasikia gemu. Katikati ya magunia, juu ya matofali yake, pikapu ya kijani ilikuwa ikiunguruma, Kinya akipanga vijana zamu, na nyuma yake ukutani pameachwa nafasi ya mtu kupita. Kwenye nafasi hiyo, juu ya kiti kifupi, alikuwa ameketi Mama Njeru.

Kijana mmoja alivua shati kwa joto akalitupia juu ya lile paa la bati, likaning'inia ubavuni.

"Wewe! Ondoa hiyo nguo! Hapo ndipo inapumulia!" Mama Njeru akamkemea.

Kisha akaweka kiganja ubavuni mwa pikapu, macho kayafumba nusu, kama anavyofanya mtu aliyetia mkono ndani ya gunia. Alikaa hivyo kimya. Akamwambia Kinya, "Iko sawa. Waendelee."

Nikasogea, nikanyoosha mkono wangu nami.

"Toa mkono, fundi," akasema. "Nimeshapima."